Baiskeli Magamba, kwenye mawe na mizizi: kwa nini ulipita juu ya usukani, na cha kurekebisha kabla ya Agosti

Swali: Nimenunua baiskeli ya mlimani ya mtumba: magurudumu ya inchi 29, tairi 2.25 zenye tyubu, shokapu ya mbele tu ya milimita 100, breki za diski za mafuta, gia moja mbele na kumi nyuma. Nina kilo 74, naishi Dar es Salaam na nimezoea lami. Agosti mimi na wenzangu wawili tunakwenda Lushoto, tunataka kupanda mpaka Msitu wa Magamba na kushuka kwenye vijia vya mawe na mizizi. Juzi tulijaribu vilima vya Pugu nikapita juu ya usukani, tena mahali ambapo mteremko haukuwa mkali. Wengine wananiambia nisukume makalio nyuma kabisa, wengine wanasema nisiguse breki ya mbele. Nifuate lipi?

Jibu: Pole kwa mwereka. Hayo mawili uliyoambiwa yana chembe ya ukweli, na yote mawili yatakuangusha tena Magamba.

Tuanze na kilichotokea Pugu. Gurudumu la mbele likikutana na jiwe au mzizi wa sentimita nane au kumi, lazima liendelee kuzunguka ili lipande na kuvuka. Ukiwa umebana breki ya mbele wakati huohuo, haliwezi kuzunguka, kwa hiyo haliwezi kupanda, linasimama. Baiskeli imesimama, wewe wa kilo 74 bado unakwenda. Kama mikono imenyooka na umeegemea viganja, mwili unapita juu ya usukani. Siti iliyo juu inamalizia kazi: nyuma ya baiskeli inapoinuka, siti inakugonga mapajani na kukusukuma mbele. Ndiyo maana ajali hii hutokea mahali pa kawaida, penye jiwe moja tu, mtu akiwa ameshtuka na kubana ghafla. Kwenye mteremko wa kutisha watu huwa wamekwisha kujiandaa.

Breki ya mbele yenyewe haina kosa. Kosa ni kuibana ukiwa juu ya jiwe. Ukiiacha kabisa, umebaki na breki ya nyuma, na kwenye mteremko uzito umehamia mbele. Gurudumu la nyuma limekuwa jepesi, likibanwa kidogo tu linajifunga na kuburuzika. Tairi inayoburuzika haisimamishi baiskeli wala haifuati unakotaka, na inachimba kijia ambacho mvua za vuli zitakigeuza mfereji.

Breki kabla, mawe baadaye

Jizoeze kuiona njia kama vipande. Kuna vipande safi: udongo mkavu ulioshikana, bamba pana la mwamba, majani machache juu ya ardhi ngumu. Kuna vipande vichafu: mawe yaliyochomoza, mawe yanayocheza, mizizi, vumbi juu ya mwamba. Kasi inapunguzwa kwenye kipande safi, kwa breki zote mbili, bila aibu. Mita mbili kabla ya kipande kichafu unalegeza, ya mbele karibu yote, ya nyuma unaibakiza kwa mguso tu, unapita baiskeli ikiwa inazunguka kwa uhuru, halafu ukifika upande wa pili unabana tena.

Kama kipande kichafu ni kirefu na kinashuka, hutaweza kuachia kabisa. Hapo bana zote mbili kidogo na kwa nguvu isiyobadilika tangu juu. Kinachorusha watu ni nguvu inayobadilika ghafla. Ukijikuta katikati ya mawe unataka kubana zaidi, kosa lilifanyika juu: uliingia na kasi kubwa. Hapo achia gurudumu la mbele lipite, urekebishe likifika mahali safi.

Na usiende polepole mno. Gurudumu la inchi 29 linavuka jiwe la sentimita kumi kwa urahisi likiwa na mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Kwa mwendo wa kutembea, jiwe hilohilo linalisimamisha. Wanaoanza huanguka zaidi kwa kwenda taratibu kwenye mawe kuliko kwa kukimbia, ingawa wanaokimbia huumia zaidi.

Tumia kidole kimoja, cha shahada, kila upande. Vitatu na gumba vinashika usukani. Breki za mafuta zilizo nzima hazihitaji zaidi. Kwenye baiskeli nyingi za mtumba mkono wa breki umesogezwa mpaka kwenye mpira wa kushikia, kwa hiyo kidole cha shahada kinaangukia katikati ya mkono badala ya nchani. Legeza bolti yake kwa alenki (spana ya pembe sita), usogeze ndani sentimita mbili au tatu mpaka kidole kikae kwenye kona ya mwisho. Kisha uinamishe chini kidogo, hivi kwamba ukisimama juu ya pedali kiganja na mkono vinyooke mstari mmoja. Ukiuacha umelala bapa, kifundo cha mkono kinapinda, na baada ya dakika kumi za mawe vidole vinakufa ganzi.

Uzito uwe miguuni

Ushauri wa kusukuma makalio nyuma ulitoka kwenye baiskeli za zamani zenye shingo ndefu na usukani mwembamba. Ukikaa nyuma kabisa, mikono inanyooka, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na linateleza kwenye kona. Baya zaidi, likianguka kwenye shimo la sentimita 20 usukani unashuka, mikono yako haina tena pa kurefuka, na unavutwa mbele kwa nguvu ileile uliyokuwa unaikimbia.

Simama juu ya pedali, krenki (mikono inayoshika pedali) zikiwa sawa na ardhi, mguu unaoupendelea mbele. Shusha visigino. Pinda kwenye nyonga kama mtu anayeinama kuokota ndoo, kifua kishuke, viwiko vitoke nje na kupinda, kidevu kikae juu ya shingo ya usukani. Mteremko ukizidi, baiskeli inainama mbele lakini wewe unabaki wima juu ya miguu yako. Makalio yatarudi nyuma yenyewe kwa kiasi kinachotakiwa. Kipimo ni viganja: ukiweza kuvifungua kidogo, vidole vikabaki vimegusa tu, bila kuanguka mbele wala nyuma, uzito uko miguuni. Ukilazimika kusukuma usukani, uko mbele mno; ukilazimika kuuvuta, uko nyuma mno.

Visigino si pambo. Ukibana breki, mwili unataka kwenda mbele, na kisigino kilichoshuka kinaugeuza msukumo huo uingie kwenye pedali. Vidole vya miguu vikielekea chini, msukumo unakwenda mikononi.

Krenki kuwa sawa na ardhi kuna sababu yake ya vipimo. Katikati ya krenki ipo kama sentimita 30 kutoka chini, na krenki yenyewe ina urefu wa sentimita 17 hivi. Pedali ikiwa chini kabisa inabaki na nafasi ya sentimita 12 au pungufu, na shokapu ikizama zinapungua tena. Magamba mawe ya sentimita 12 ni ya kawaida. Pedali ikigonga jiwe, baiskeli inarushwa pembeni, na mara nyingi ni upande wa bonde.

Halafu teremsha siti. Huna bomba la siti linaloshuka kwa kubonyeza kitufe, si kitu. Zungushia bomba utepe wa umeme kwenye urefu wako wa kupandia, na kabla ya kushuka literemshe sentimita sita hadi nane. Dakika moja ya kusimama na alenki mkononi inakununulia nafasi ya nyonga kusogea. Kwa pesa ndogo hakuna marekebisho yatakayokusaidia kuliko haya.

Kusoma njia

Milima ya Usambara ni miamba mikongwe sana, na juu yake kuna udongo mwekundu mzito. Vijia vinavyotumiwa na watu na mifugo hukatwa na maji: udongo unaondoka, mawe yanabaki, katikati panachimbika mfereji. Ndani ya msitu kuna mikulo na miti mingine mikubwa ambayo mizizi yake inakatiza njia juujuu, mingi ikiwa imechunwa ganda na nyayo za watu.

Mawe yaliyoshikwa na ardhi ni rafiki, hata yakiwa makubwa. Yanayocheza, ya ukubwa wa ngumi mpaka nazi, ndiyo ya kuogopa, kwa sababu gurudumu haliyavuki bali linayasukuma na kuyumba. Kwenye haya usikate kona wala usibane. Nyoosha baiskeli, legeza mikono, iache icheze chini yako. Ukiibana kwa mikono migumu, kila jiwe linakufikia mabegani.

Macho yawe mita tano au sita mbele, zaidi kasi ikiongezeka. Jiwe lililo chini ya gurudumu lako huwezi tena kulifanyia lolote. Ukilikodolea macho jiwe unaloliogopa utalifuata. Tazama upenyo ulio kando yake.

Mizizi ina kanuni moja: ikatwe kwa pembe mraba. Mzizi unaokatiza njia moja kwa moja unauvuka kama jiwe dogo. Mzizi uliolala mshazari unaliburuza gurudumu la mbele kuufuata, na ukiwa umelowa hakuna tairi itakayokuokoa. Kabla yake sogea upande mmoja wa njia ili uufikie karibu mraba, achia breki zote, jichuchumaze kidogo kisha inuka gurudumu linapogusa, ili lipite likiwa jepesi. Mzizi mweupe ulionyauka na kung'aa unateleza zaidi ya wenye ganda. Ukiona mitatu minne iliyosokotana mshazari asubuhi yenye umande, shuka utembee.

Vidato vya mwamba viamue kwa kuvitazama kwa miguu kwanza. Kimo kisichozidi magoti, na chini yake pawe pameinama na kuendelea kushuka: unaweza kukitelemka gurudumu likiwa limegusa mwamba, breki ya nyuma kwa mguso, mikono ikirefuka baiskeli inapoinama na kukunjika inapofika chini. Chini pakiwa bapa, au pana jiwe mahali gurudumu litakapotua, gurudumu litakwama, na hiyo ndiyo Pugu yako kwa kimo kikubwa zaidi. Angalia pia sproketi ya mbele: kidato kikali kinaigonga na kupinda meno, na cheni itaruka safari yote iliyobaki.

Mfereji wa maji usipigane nao. Amua mapema: ama ubaki kwenye ukingo, ama uingie ndani na ukae humo mpaka uishe. Wanaoanguka ni wale wanaotaka kutoka katikati, maana tairi inasugua ukuta wa mfereji bila kupanda na mwili unaendelea upande mwingine.

Kona kali za kuzunguka ndizo zitakazokusumbua kuliko mteremko wenyewe. Ingia ukiwa ukingo wa nje, maliza breki zote kabla, geuza kichwa na kidevu mpaka uone njia ya kutokea, kisha legeza. Gurudumu la mbele lipite nje kabisa, kwa sababu la nyuma litakata ndani na kuangukia mawe ya kona. Kona isiyotosha upana, weka mguu wa ndani chini na uigeuze baiskeli. Hakuna atakayekucheka.

Baiskeli yenyewe

Nitatumia nafasi zaidi kwenye breki, kwa sababu ni mtumba na hujui ilipitia mikono gani. Bana kila mkono kwa nguvu na ushikilie nusu dakika. Ukizama polepole kuelekea usukani, kuna mafuta yanayovuja. Ukiwa laini mwanzoni kisha ukawa mgumu baada ya kubana mara tatu nne, kuna hewa ndani. Inatakiwa kutolewa kabla ya safari, maana mteremko mrefu unapasha mafuta moto na breki hiyo itazidi kulegea pale unapoihitaji. Soma kifuniko cha tangi dogo kwenye mkono wa breki: kimeandikwa mafuta ya madini au DOT, yaani mafuta ya breki ya magari na pikipiki. Breki za kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini. Fundi pikipiki mwenye nia njema atakujazia DOT aliyonayo, na mipira ya ndani ya breki ya mafuta ya madini itavimba na kuharibika. Msimamie.

Toa pedi uzitazame. Sehemu inayosugua diski ikibaki chini ya milimita moja, badilisha. Zikiwa nyeusi zinang'aa na zinapiga kelele, huenda zimerukiwa na mafuta ya cheni. Futa diski kwa spiriti na kitambaa safi, ila pedi zilizolowa zitupe. Nunua za chuma kilichoshindiliwa kama diski zako zinaziruhusu, kwani baadhi ya diski za bei nafuu zimeandikwa kuwa ni za pedi laini tu. Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza: tafuta barabara tulivu, kimbia, punguza kwa nguvu mpaka karibu usimame, achia, rudia mara ishirini kila upande bila kulifunga gurudumu.

Jambo dogo la basi: mpakiaji wa mizigo akiilaza au kuigeuza baiskeli ndani ya buti, hewa iliyokuwa kwenye tangi inaweza kushuka kwenye mrija. Ukifika Lushoto isimamishe wima robo saa, bana mikono mara kadhaa, ndipo uondoke. Na gurudumu likitolewa kwa safari, chomeka kipande cha boksi kati ya pedi na usiguse mkono wa breki, la sivyo pedi zitajifunga na diski haitaingia.

Upepo wa tairi: kwa kilo 74, tairi za 2.25 na tyubu, anza na 26 psi mbele na 29 nyuma. Chini ya hapo tyubu itabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba; ukiyaona hayo, hukuchomwa na mwiba, upepo ulikuwa mdogo. Juu ya 35 gurudumu linadunda kwenye kila jiwe na kupoteza mshiko, na hicho ndicho kipimo ambacho wazoefu wa lami hufika nacho. Pimia Lushoto, asubuhi. Kupanda kutoka pwani kunaongeza usomaji wa geji kwa psi 2 hadi 3 kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi, baridi inaupunguza karibu kiasi hichohicho, halafu jua la mchana linaurudisha.

Shokapu ya mbele ifunguliwe kufuli yake. Kama ni ya upepo, funga kamba ndogo ya mpira kwenye nguzo yake, simama juu ya pedali bila kudunda, shuka taratibu: kamba iwe imesogea milimita 20 hadi 25 kati ya 100. Kama ni ya springi, geuza kishikizo cha juu ufike karibu na hapo, utakavyoweza. Nguzo zikiwa zimechubuka au mafuta yanatoka, shokapu hiyo itakwama ikiwa imezama, na usukani uliokwama chini ni njia nyingine ya kurushwa.

Kaza bolti za shingo ya usukani kwa Nyutoni mita 5, au kile kilichoandikwa juu yake. Fundi asiye na spana ya kipimo atumie alenki fupi kwa vidole, bila kuongezea bomba. Bana breki ya mbele utikise baiskeli mbele na nyuma: mlio wa kugonga maana yake beringi za usukani zimelegea. Pedali ziwe za bapa zenye vijino vya chuma, viatu vya soli ngumu iliyo bapa. Raba za kukimbilia, zenye soli nene laini, zinayumba juu ya pedali.

Helmeti nzuri na glovu za vidole kamili si za kujadili. Kinga za magoti ziazime hata kwa siku moja.

Wiki zilizobaki

Mazoezi yako hayahitaji mlima. Uwanja wowote wa udongo unatosha. Weka alama mbili, umbali wa mita kumi; ingia kwa kasi, simama ndani yake bila kuburuza tairi, kwanza kwa breki zote, kisha kwa ya mbele peke yake ukiwa umeshusha visigino. Ukifaulu, punguza hadi mita saba, tano. Halafu tandaza matofali mawili ya bapa na gogo la sentimita kumi, uvuke ukibana kabla na kuachia juu yake, mpaka mkono uache kubana wenyewe. Mwisho, kona ya kuzunguka kwa duara dogo kadiri uwezavyo, kushoto na kulia. Kila mtu ana upande mbovu, ujue wako kabla ya kuukuta juu ya bonde. Kisha rudini Pugu, mahali palepale.

Magamba

Mji wa Lushoto upo kwenye mita 1,400 hivi, na msitu unapanda hadi zaidi ya mita 2,000. Kwenye mita 1,900 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hiyo pumzi itakuwa fupi hata kama Dar unajiona uko fiti. Huo si urefu wa kuugua ugonjwa wa milimani kama Kilimanjaro, lakini siku ya kwanza msipande kwa mashindano. Tumieni gia nyepesi kabisa mapema, kabla mlima haujawabana, maana kubadilisha gia ukiwa unakandamiza pedali kwa nguvu zote ndiko kunakokata cheni. Kwenye mpando mkali kaa kwenye ncha ya siti na ushushe viwiko: ukisimama gurudumu la nyuma linazunguka bure juu ya vumbi, ukikaa nyuma la mbele linainuka.

Agosti mmechagua vizuri: masika yamepita, vuli bado. Hata hivyo ni baridi, usiku nyuzi hushuka karibu na 10, na ukungu wa asubuhi hulowesha mizizi na mawe yenye kuvu mpaka saa tatu au nne. Pandeni asubuhi, shukeni mchana. Mvua ikinyesha jana yake, badilisheni mpango mpite barabara ya vumbi. Udongo ule mwekundu unajaza tairi mpaka gurudumu linakwama kwenye fremu, na alama za tairi zikikauka zinaharibu kijia kwa wote. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu, lakini chini ya miti giza huingia mapema. Saa kumi jioni muwe mmekwisha kutoka msituni.

Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Lipeni kiingilio ofisini, na muulize hapo ni njia zipi mnaruhusiwa kupita na baiskeli. Chukueni mwongozaji anayeendesha baiskeli mwenyewe, kwa sababu mwongozaji wa miguu atawaonyesha njia nzuri yenye ngazi.

Vijia vingi nje ya hifadhi ni barabara za watu. Kina mama wanashuka na mizigo ya mboga au kuni kichwani na hawawezi kugeuka ghafla. Ukimwona mtu, punguza mapema, salimu kwa sauti ukiwa mbali, shuka, simama upande wa bonde au mahali anapokuelekeza, apite. Kengele ya shilingi elfu chache itakusaidia kwenye kona.

Kikiharibika

Watatu mnaweza kugawana mzigo: tyubu mbili za 29, viraka na gundi, pampu yenye kichwa cha vavu zenu (angalieni, mtumba huja na vavu nyembamba au nene), vijiko viwili vya kutolea tairi, alenki za 4, 5 na 6, chombo cha kukatia cheni, pingili mbili za kuungia za gia kumi, jozi ya pedi, vifungo vya plastiki vya mafundi umeme, na kipande cha tairi kuukuu cha sentimita kumi. Hicho cha mwisho kinawekwa ndani pale tairi inapopasuliwa ubavuni na jiwe. Bila hicho tyubu mpya itachungulia kwenye mpasuko na kulipuka.

Kitakachowakwamisha kweli ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia kinapinda, na ukichagua gia nyepesi kibadilisha gia kinaingia kwenye spoki. Karibu kila fremu ina umbo lake, na Kariakoo si ajabu ukose la kwako. Kifungue sasa, kitafute, ukishindwa mpe fundi wa mashine akichonge. Kikivunjika porini, toa kibadilisha gia, fupisha cheni iende moja kwa moja kutoka sproketi ya mbele hadi gia ya katikati nyuma, urudi na gia moja.

Mtu akianguka, msimwinue kwanza. Kama alipigwa kichwa na hakumbuki kilichotokea, anatapika, amechanganyikiwa au anasinzia, safari imekwisha na anapelekwa hospitali hata kama anasema yuko sawa. Maumivu ya shingo au uti: asisogezwe. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, kwa hiyo aliyebaki Lushoto ajue mmepita njia ipi na mnarudi saa ngapi.

Mkitaka kushuka hadi Mombo

Wengi humalizia kwa lami ya Lushoto hadi Mombo, kilomita 33 na mteremko wa karibu mita 1,000 kupitia Soni. Baada ya msitu inaonekana kama zawadi, na hapo ndipo breki hupikwa. Pandisha upepo hadi 35 au 40 psi, rudisha siti juu, na usiburuze breki mfululizo: bana kwa nguvu sekunde mbili au tatu kabla ya kona, achia zipoe, bana tena. Mkono wa breki ukianza kusogea karibu na usukani kuliko asubuhi, simameni Soni dakika kumi na tano. Msimwagie diski maji, inapinda. Wala msiiguse kwa kidole kujua kama imepoa.